Wewe ni wa Nani? Wahindi wa Tabora na Historia ya Uraia, kutoka Unyanyembe hadi Jamhuri

Kurasa nyingine za kitabu hiki cha kumbukumbu zinaeleza jinsi mandir yetu ilivyoanzishwa, akina nani walichangia, na ibada zilivyoendelezwa kizazi baada ya kizazi. Makala haya yanashughulikia jambo ambalo halionekani katika matofali wala katika sanamu za miungu, nalo ni hadhi ya kisheria ya watu waliosali humu. Walikuwa raia wa nani? Nani aliwapa ruhusa ya kukaa? Ni lini, na kwa masharti gani, mgeni aliyefika Tabora na mzigo wa bidhaa akawa mwananchi?

Swali hili si la wanasheria peke yao. Katika kila nyumba ya Mhindi wa Tabora lilijibiwa kwa karatasi, na jibu hilo liliamua nani atabaki, nani ataondoka, na ndugu gani watatengana. Majirani zetu watakaosoma kitabu hiki nao wataona kwamba historia yao na yetu zinakutana katika jambo hili mara nyingi kuliko tunavyodhani.

Ruhusa ya Mtemi

Kabla ya kuwapo pasi na vyeti, mamlaka ya kumruhusu mgeni kukaa Unyanyembe ilikuwa ya Mtemi. Misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Ugogo ililipa hongo kwa watawala wa njiani, na ilipofika Kaze, penye Tabora ya leo, wafanyabiashara waliotaka kujenga matembe yao walihitaji ridhaa ya Mtemi wa Wanyamwezi wa Unyanyembe. Mtemi Fundikira, aliyetawala hadi mwishoni mwa miaka ya 1850, aliwapokea Waarabu wa pwani na kuwaacha wakae. Mrithi wake, Mnywa Sele, alipoamua kuwatoza ushuru wa pembe za ndovu, wageni walikataa, vita vikazuka, naye akafukuzwa katika kiti chake. Fundisho la awali la ukaazi katika nchi hii ni hilo: mgeni aliyesahau kwamba amekaribishwa aliweza kumwondoa mwenyeji wake, na jeraha lake likadumu miaka mingi.

Miongoni mwa wageni wa kwanza kabisa alikuwa Mhindi. Musa Mzuri, Mwislamu wa asili ya Surat, aliingia Unyamwezi pamoja na kaka yake kutafuta pembe muda mrefu kabla ya Wazungu kuiona Kaze. Burton na Speke walipofika mnamo Novemba 1857, jina la Musa lilikwisha kujulikana katika njia nzima, na Speke aliporudi mwaka 1861 akiwa na Grant, Musa ndiye aliyewapokea. Hakuna hati iliyompa ukaazi. Alikaa kwa kuwa alijulikana, alilipa madeni yake, na watu walimkubali.

Wahindu wenyewe hawakufika bara mapema hivyo. Mabaniani wa Kutch walikuwa Unguja na Bagamoyo, wakikopesha fedha na bidhaa. Nyumba ya Jairam Shivji ilikodi forodha ya Sultani kwa miaka mingi, na wakala wake Ladha Damji alikuwa mtu mkubwa wa biashara Unguja. Misafara mingi iliyofika Tabora ilibeba vitambaa, shanga na nyaya za shaba zilizotolewa kwa mkopo na maduka ya Wahindi. Hatuna budi kusema pia kwamba fedha hizo hazikuzunguka katika pembe za ndovu peke yake. Njia iliyopita Tabora ilikuwa pia njia ya watumwa, na mkopeshaji aliyekaa Unguja hakuwa mbali na biashara hiyo.

Raia wa Sultani au wa Malkia?

Unguja ndiko swali la uraia lilikoulizwa kwa ukali kwa mara ya kwanza, na lilihusu watumwa. Sheria ya mwaka 1843 ya Serikali ya India ilikataa kuutambua utumwa. Balozi wa Uingereza, Rigby, alipofika Unguja mwaka 1858, aliwatambua Wahindi kuwa raia wa Uingereza, na kwa hiyo akawataka wawaachie huru watumwa wao. Wengi walitii. Wengine walijibu kwamba wao si raia wa Uingereza hata kidogo: walizaliwa Kutch, nchi ya Rao, na hapa Unguja wamo chini ya Sultani. Kwa mtu wa namna hiyo, kuwa raia wa Sultani kulimaanisha kubaki na watumwa, na kuwa chini ya balozi kulimaanisha ulinzi wa manowari pamoja na kuwapoteza watumwa.

Mwaka 1869 Rao wa Kutch alitoa tangazo lililowaweka watu wake walioko Unguja chini ya mamlaka ya Uingereza, na mwanya huo ukazibwa. Kuanzia hapo Mhindi wa Unguja alikuwa mkazi wa nchi ya kisiwa iliyokuwa na mtawala wake, lakini kesi zake zilisikilizwa na balozi wa nchi nyingine. Alikaa pale miaka thelathini, akajenga nyumba na hekalu, na bado kisheria alikuwa mgeni. Wengi waliridhika na hali hiyo, maana waliwaacha wake zao Kutch na walitarajia kurudi uzeeni. Hata hivyo, mazoea ya kuishi mahali kwa himaya ya wengine yaliingia katika mifupa ya jumuiya, na baadaye yalitugharimu.

Reli, Wajerumani na Waingereza

Baada ya Mtemi Isike kushindwa na Wajerumani mnamo Januari 1893, mamlaka ya kumruhusu mgeni kukaa Tabora ilihamia bomani. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, Wahindu walianza kuingia bara kwa wingi zaidi: wenye maduka kutoka Kathiawar, mafundi wa mbao na chuma, makarani, washonaji. Chini ya Wajerumani hali yao ilikuwa ya ajabu. Pasi zao ziliwatambua kama watu wa himaya ya Uingereza, huku sheria za koloni zikiwaweka walio wengi katika kundi moja na wenyeji kwa mambo ya mahakama.

Majeshi ya Ubelgiji yaliingia Tabora mnamo Septemba 1916, kisha mji ukakabidhiwa kwa Waingereza. Tanganyika haikuwa koloni kamili, ilikuwa nchi ya udhamini, kwanza chini ya Shirikisho la Mataifa, kisha chini ya Umoja wa Mataifa. Kwa sababu hiyo Mwafrika aliyezaliwa hapa hakuwa raia wa Uingereza, alikuwa mtu aliye chini ya ulinzi wake tu. Mhindi aliyezaliwa Surat au Kheda, katika India ya Waingereza, alikuwa raia wa Mfalme. Mhindi mwenzake aliyezaliwa Porbandar, Jamnagar au Kutch, katika nchi za watawala wa jadi, alikuwa mtu wa ulinzi kama Mnyamwezi jirani yake. Watu wawili waliosali pamoja siku ya Diwali waliweza kuwa na hadhi mbili tofauti kwa sababu ya mpaka uliokuwa ng'ambo ya bahari.

India ilipojitawala mwaka 1947 mambo yalizidi kuwa magumu. Sheria mpya ya uraia ya Uingereza ya mwaka 1948 iliwafanya wengi waliozaliwa katika makoloni kuwa raia wa Uingereza na Makoloni. Katiba ya India ya mwaka 1950 nayo iliwafungulia mlango Wahindi wa ng'ambo wajiandikishe kuwa raia wa India, lakini haikuruhusu kushika uraia wa nchi mbili. Hata hivyo Jawaharlal Nehru aliwahimiza Wahindi wa Afrika Mashariki washirikiane na Waafrika na kuyaweka mbele maslahi ya wenyeji. Ujumbe huo haukuwafurahisha wote, lakini ulikuwa wa kweli: wasitegemee kubebwa na Delhi.

Tabora, Januari 1958

Mji wetu una nafasi yake katika hatua iliyofuata. Mwalimu Julius Nyerere aliufahamu vizuri, kwa kuwa alisoma Tabora na baadaye kufundisha katika shule ya St. Mary's hapa mjini. Mnamo Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu Tabora. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka masharti ya kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wajumbe wengi waliona kwamba kukubali ni kujidhalilisha, maana Waafrika walikuwa wengi mno kuliko hao wengine. Mwalimu aliwashawishi waingie katika uchaguzi, na uamuzi huo unaitwa hadi leo Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu, ambaye hakukubaliana nao, alijitenga na kuanzisha chama chake.

Wahindi wengi wanaukumbuka mkutano huo kama tukio la siasa za Waafrika. Ukweli ni kwamba ulituhusu moja kwa moja. Kwa kukubali kura tatu, TANU ililazimika kutafuta Wazungu na Waasia iliowaamini na kuwaunga mkono. Katika chaguzi za Septemba 1958 na Februari 1959 watu kama Amir Jamal, Sophia Mustafa na mwanasheria K. L. Jhaveri waliingia katika Baraza la Kutunga Sheria kwa kura za Waafrika. Maelfu ya watu waliokuwa na sababu ya kutotuamini walipiga kura kwa majina ya Kihindi kwa sababu chama chao kiliwaomba. Deni la heshima tulilo nalo kwa wananchi wenzetu linaanzia hapo, na liliwekwa Tabora.

Mjadala wa Oktoba 1961

Miezi miwili kabla ya Uhuru, Bunge lilijadili ni nani atakuwa raia wa Tanganyika. Wabunge kadhaa, akiwamo Kasanga Tumbo wa Mpanda, walitaka uraia wa moja kwa moja uwe wa Waafrika peke yao. Hoja yao haikutoka hewani. Walikumbuka mishahara iliyotofautiana kwa rangi, shule zilizogawanywa kwa rangi, na duka la Mhindi ambalo mkulima alilijua zaidi kwa deni kuliko kwa urafiki. Waliuliza: mtu aliyekaa pembeni tulipodai uhuru, kwa nini aupate uraia bila jasho?

Mwalimu, akiwa Waziri Mkuu, alikataa. Alisema kwamba msingi wa uraia ni utii kwa nchi na wala si rangi ya ngozi, akawaonya wabunge juu ya mahali walikofika mataifa yaliyotukuza kabila na rangi, akaweka wazi kwamba serikali yake ingejiuzulu iwapo Bunge lingekataa msingi huo. Katika serikali hiyo alikuwamo Chifu Abdallah Fundikira wa Unyanyembe, mrithi wa kiti kile kile kilichowaruhusu wageni wa kwanza kukaa Kaze. Sheria ikapita.

Miaka miwili ya kuamua

Sheria hiyo ilikuwa na milango mitatu. Aliyezaliwa Tanganyika, akiwa na mzazi mmoja aliyezaliwa Tanganyika pia, na akiwa raia wa Uingereza na Makoloni au mtu wa ulinzi wa Uingereza, alikuwa raia tarehe 9 Desemba 1961 bila kuomba. Aliyezaliwa Tanganyika lakini wazazi wake wote walizaliwa nje alikuwa na haki ya kuandikishwa, mradi aombe katika muda wa miaka 2, yaani kabla ya tarehe 9 Desemba 1963. Aliyezaliwa nje na kukaa nchini miaka 5 aliweza kuomba, lakini hilo lilikuwa ombi tu, na serikali iliweza kukubali au kukataa. Uraia wa nchi mbili haukuruhusiwa: mwenye uraia mwingine alitakiwa kuukana katika muda uliowekwa, la sivyo angepoteza ule wa Tanganyika.

Tazama jinsi milango hiyo ilivyokutana na desturi zetu. Binti wa Kigujarati hurudi kwa wazazi wake kujifungua mtoto wa kwanza. Mama aliyeolewa Tabora alipanda treni hadi Dar es Salaam, kisha meli hadi Bombay, akajifungua Jamnagar, akarejea na mtoto wa miezi michache. Wadogo wa mtoto huyo walizaliwa hapa. Mwaka 1961, katika familia ya namna hiyo, mtoto wa kwanza aliyekulia Tabora na kusema Kiswahili kama wenzake hakuwa na haki ya uraia aliyokuwa nayo mdogo wake. Tena, kwa kuwa wachumba wengi waliletwa kutoka India, ilikuwa kawaida kwa mama kuwa amezaliwa ng'ambo, na mtoto alimtegemea baba peke yake kutimiza sharti la mzazi. Baba naye akiwa amekuja utotoni mikononi mwa wazazi wake, mtoto alibaki na mlango wa pili, wenye kikomo cha miaka 2.

Ndiyo maana miaka ile ilikuwa ya mashaka mezani. Mzee alishika pasi ya India kwa mapenzi ya alikozaliwa. Mtoto wake wa kiume aliona kwamba leseni, mali na watoto vyote viko hapa. Mwingine aliitunza pasi ya Uingereza kama mtu anavyotunza akiba, akiamini kwamba siku ya shida itamfungulia mlango. Tusiwahukumu. Kila mmoja alikisia kesho kwa karatasi aliyokuwa nayo mkononi. Hata hivyo ni haki kuwataja kwa heshima waliokwenda ofisini mapema, wakala kiapo, wakaikana himaya ya zamani wakati hakuna aliyejua nchi mpya itakuwaje. Mwanzoni mwa 1963 TANU nayo ilifungua uanachama wake kwa raia wa rangi zote.

Hesabu ilipofika

Akiba ya pasi ya Uingereza ilipungua thamani mwaka 1968, Bunge la London lilipotunga sheria ya kuwazuia raia wake wa asili ya Asia kuingia bila kibali, isipokuwa wale wenye mzazi au babu wa huko. Watu waliojiona wana nchi mbili waligundua kwamba moja haiwataki na nyingine hawakuiomba. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka, na hata baadhi ya waliodai uraia wa Uganda walinyang'anywa. Tanzania haikufanya hivyo.

Lakini uraia haukuwa kinga ya kila jambo. Sheria ya Aprili 1971 ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi, na haikuuliza kama mwenye nyumba ni raia au mgeni. Operesheni Maduka ya mwaka 1976 ilifunga maduka ya watu binafsi ili yawe ya vijiji na ushirika. Kwa aliyekula kiapo mwaka 1962, pigo hilo lilikuwa chungu kuliko kwa aliyekuwa na pasi ya nje, maana aliamini kwamba ameshachagua. Wengi waliondoka kwenda Dar es Salaam, Uingereza, Canada na India. Waliobaki Tabora walikuwa wachache, na mandir hii iliendelea kuwashwa taa na wachache hao. Jambo la haki ni kukumbuka kwamba sheria hizo ziliwagusa pia Waafrika wenye mali, na kwamba msingi wa Oktoba 1961 haukuvunjwa: hakuna aliyefukuzwa kwa rangi yake.

Visiwani, Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliuondoa Usultani mwezi mmoja tu baada ya uhuru, na uraia wa Zanzibar kama nchi pekee ukawa na maisha mafupi. Baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 uraia ukawa mmoja, ingawa sheria ya mwaka 1985 inatambua Uzanzibari kama hadhi ya peke yake ndani ya uraia huo.

Jirani zetu wa Ulyankulu

Sisi si wageni wa mwisho kuulizwa swali hili mkoani Tabora. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 nchini mwao walipewa ardhi katika makazi ya Ulyankulu, na wengine Katumba na Mishamo upande wa Mpanda. Walifyeka msitu, wakalima tumbaku na mahindi, watoto wao wakazaliwa na kusoma hapa. Mwaka 2010 serikali ilikubali maombi ya takribani watu 162,000 kuwa raia kwa tajnisi. Awali ilikusudiwa kwamba watawanywe katika mikoa mingine kabla ya kupewa hati, na suala hilo likawachelewesha. Hati zilianza kutolewa mwaka 2014, wakiruhusiwa kubaki walipo. Kwa hiyo walikaa miaka kadhaa wakiwa wamekwisha kuukana uraia wa Burundi bila kuwa na karatasi ya Tanzania mkononi. Mhindi wa Tabora anayekumbuka mwaka 1963 anaelewa hofu hiyo.

Kwa mgeni wa leo njia imo katika Sheria ya Uraia ya mwaka 1995. Mwombaji wa tajnisi awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua 7. Ajue Kiswahili au Kiingereza. Awe na mwenendo mwema. Awe na mchango kwa taifa, na akusudie kuishi hapa daima. Uamuzi ni wa Waziri, naye halazimiki kutoa sababu. Sheria bado inamruhusu mke wa kigeni wa Mtanzania kuomba kwa njia nyepesi ambayo mume wa kigeni wa Mtanzania haipati. Binti zetu walioolewa na wageni wanalijua tatizo hili.

Kazi iliyo mbele yetu

Historia hii inatuachia wajibu wa aina mbili. Wa kwanza ni wa kumbukumbu. Cheti cha kuzaliwa cha babu, hati ya kuandikishwa ya mwaka 1962 au 1963, pasi ya zamani iliyotobolewa, leseni ya duka: hizi ndizo mihimili ya haki ya wajukuu. Nyingi zimo katika masanduku ya bati, zikiliwa na mchwa. Maktaba ya mandir ingefanya kazi njema kwa kukusanya nakala zake kwa idhini ya familia, pamoja na majina ya waliofunga ndoa na waliozaliwa katika jumuiya.

Wajibu wa pili ni wa mwenendo. Tulipokelewa kwanza kwa ridhaa ya Mtemi, baadaye kwa kura za Tabora na kwa sheria ya Oktoba 1961. Kila mara mwenyeji aliyetupokea alikuwa na sababu za kusita. Mrundi wa Ulyankulu, mwenye duka kutoka Yemen, daktari kutoka India mwenye kibali cha muda, wote wamesimama mahali wazee wetu waliposimama. Wakifika katika ua wa mandir hii siku ya sherehe, wapewe mkeka na sahani kama wenyeji.

Tunawaombea heri na afya wote watakaoadhimisha siku hii pamoja nasi, walio hapa Tabora na walio mbali. Mungu aubariki mji wetu, na ailinde Tanzania.